Usanifu Jumuishi katika Bonde la Kilombero

Usanifu jumuishi ni utaratibu wa kuchora na kutengeneza majengo, barabara, vyombo na huduma ili watu wenye uwezo tofauti wa miguu, mikono, macho, masikio na akili waweze kuvitumia tangu siku ya kwanza, bila kungoja marekebisho ya pekee kwa ajili yao. Unaanzia kwenye wazo kwamba kikwazo kimo ndani ya kitu kilichotengenezwa. Mama mwenye magongo akishindwa kuingia kwenye zahanati yenye ngazi nne, kasoro iko kwenye zahanati. Katika bonde la Kilombero nchini Tanzania wazo hili hupata mtihani mgumu. Nchi ni tambarare, mito hufurika, udongo hugeuka tope zito wakati wa masika, na watu wengi huhama kati ya makazi yao ya kudumu na mashamba ya mpunga. Vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya miji yenye lami na lifti vinasaidia hapa, lakini havitoshi.

Wazo lenyewe lilipewa jina na msanifu majengo Ronald Mace wa North Carolina, Marekani, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti mwendo. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7. Kwa ufupi, kanuni hizo zinataka kitu kiwafae watu wote kwa usawa, kitumike kwa njia zaidi ya moja, kieleweke kwa urahisi, kitoe taarifa kwa zaidi ya mlango mmoja wa fahamu, kisimwumize anayekosea, kisidai nguvu nyingi, na kiwe na nafasi ya kutosha ya kukifikia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uliingiza dhana hiyo katika sheria za kimataifa, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na watu wote.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine, yaani takribani mtu 1 katika kila 9. Hata hivyo wanaofaidika na usanifu jumuishi ni wengi kuliko hao. Mjamzito wa miezi minane, mzee anayeumwa magoti, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani hawamo katika hesabu ya ulemavu, lakini wote hukwama kwenye ngazi ileile.

Bonde la Kilombero lina historia yake katika suala hili la ulemavu. Mji wa Ifakara ulijulikana mapema kwa tiba kupitia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Nazareti, na maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950 ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ng'ambo ya mto Kilombero, katika milima ya Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuhudumia watu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, katika eneo ambalo pia lina usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wa mtoni na unaoweza kuleta upofu. Magonjwa hayo yalileta ulemavu ambao haukuhitaji dawa peke yake. Ulihitaji pia viatu, majiko na vyombo vya namna nyingine.

Ukoma huua hisia za miguu na mikono. Mgonjwa aliyepona kwa dawa mseto, zilizoanza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, hubaki na nyayo zisizosikia maumivu, na kidonda kinachoanza na jiwe dogo huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Hapo ndipo ufundi wa viatu unapookoa viungo. Kandambili za kawaida hubanwa kwa vidole, na vidole vilivyopooza haviwezi kuzishika. Makatambuga ya matairi ni imara, lakini misumari iliyoyaunganisha huchomoza kadiri soli inavyolika, na mvaaji hajui mpaka aione damu. Kiatu kinachofaa kina soli ngumu chini ya kuzuia miiba, tabaka laini juu, mkanda wa kufunga nyuma ya kisigino, na kimeshonwa au kugundishwa bila msumari hata mmoja. Mtu yeyote anaweza kukivaa, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu kiatu chenye sura ya kipekee humtangaza mvaaji wake kuwa mgonjwa na mwishowe huachwa uvunguni. Kitu kizuri katika usanifu jumuishi hakimtambulishi anayekitumia.

Kwa mtu mwenye kifafa hatari kubwa nyumbani ni moto. Mafiga matatu yanaacha moto wazi usawa wa ardhi, na anayeanguka akiwa peke yake jikoni huweza kuungua vibaya kabla ya mtu kufika. Jiko lililojengwa kwa udongo au matofali, lililoinuliwa kufika usawa wa kiuno, lenye kuta zinazofunika moto na tundu ambalo sufuria hukaa bila kuyumba, hupunguza hatari hiyo. Humkinga pia mtoto anayetambaa, humpunguzia moshi mpishi, na halimlazimishi bibi kuinama. Kimo hicho kina gharama yake, kwa kuwa mpishi aliyekaa kwenye kiti mwendo au kigoda huona sufuria iko juu mno. Jibu la busara ni kujenga jiko lenye vimo viwili, tundu moja juu na jingine chini, kazi ambayo fundi wa udongo huimaliza bila kuongeza vifaa vya maana.

Suala linalotawala majengo yote ya bonde ni maji. Mto Lumemo umeufurikia mji wa Ifakara zaidi ya mara moja, na kwa hiyo wajenzi huinua sakafu. Uamuzi huo ni sahihi kabisa kiafya na kiuchumi, lakini kila sentimeta inayoongezwa kwenye msingi humtoa mtu nje ya jengo asipofikiriwa mapema. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa njia mteremko ni 1 kwa 12, yaani kila sentimeta 1 ya kupanda inahitaji sentimeta 12 za kwenda mbele. Sakafu iliyoinuliwa sentimeta 60, ambayo kwa ngazi ni hatua nne tu, inadai njia mteremko ya mita 7.2. Fundi asiyeambiwa hivyo huimwaga kwa mita 2, na matokeo yake ni kilima ambacho mtu wa kiti mwendo hawezi kukipanda peke yake na anaweza kupinduka akikishuka. Jengo huhesabiwa kuwa na njia mteremko na picha hupelekwa kwenye taarifa, lakini njia hiyo haipitiki.

Kuna namna tatu za kulimaliza tatizo hilo. Ya kwanza ni kuilaza njia mteremko kandokando ya ukuta badala ya kuielekeza uwanjani, ili ukuta wenyewe ubebe mshikio wa upande mmoja. Ya pili ni kuunganisha vibaraza: madarasa matatu yenye kibaraza kimoja kirefu yanahitaji njia mteremko moja, ilhali kila darasa likiwa na ngazi zake zinahitajika tatu, na kwa kawaida haijengwi hata moja. Ya tatu, inayofaa zaidi kwa nchi ya mafuriko, ni kujaza na kushindilia kifusi katika uwanja mzima wa mbele kabla ya ujenzi, ili ardhi yenyewe ipande taratibu mpaka mlangoni. Hapo ngazi hazihitajiki kabisa, maji hukimbia kuelekea mtaroni, na hakuna anayelazimika kupita mlango wa pembeni.

Umaliziaji nao huamua mengi. Mafundi wengi hupenda kupiga niru, ile saruji inayosuguliwa mpaka ing'ae, na wenye jengo huiona kuwa alama ya kazi safi. Juu ya sakafu ya ndani haina tatizo kubwa. Juu ya njia mteremko isiyo na paa, katika bonde lenye masika kama ya Kilombero, niru ni mtego: mvua ikinyesha gongo huteleza na gurudumu hukosa pa kushika. Dawa yake haigharimu chochote, kwani fundi huichana saruji mbichi kwa fagio ngumu, mistari ikikatiza mwelekeo wa kupanda. Kingo za pande zote mbili ziinuliwe sentimeta chache ili gurudumu lisichomoke na fimbo nyeupe ipate pa kufuata.

Mahitaji ya watu hugongana wakati mwingine, na msanifu mwaminifu hukubali hivyo. Ukingo unaomwongoza asiyeona humzuia mwenye kiti mwendo ukiwekwa mahali pasipostahili. Darasa lenye madirisha makubwa humsaidia mwanafunzi kiziwi kuiona mikono ya mwalimu wa lugha ya alama, lakini mwale wa jua humwumiza macho mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu pia. Paa lenye upenu mrefu huwapatanisha wawili hao, kwa kuwa huruhusu mwanga na kuzuia jua la moja kwa moja. Huzuia pia mvua kulowesha kibaraza. Wajenzi wa nyumba za makuti na nyasi walilijua hilo kabla ya bati, na bati lilipoingia, upenu ukakatwa mfupi kwa kubana matumizi.

Nje ya mji, wakati wa kilimo, familia nyingi hukaa mashambani katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili kukwepa maji na wanyama na kulinda mpunga. Dungu ni ubunifu wa akili nyingi, lakini hupandwa kwa ngazi ya miti. Asiyeweza kupanda hubaki nyumbani, mara nyingi peke yake au na watoto wadogo, katika miezi ambayo chakula cha mwaka kinatafutwa. Hapa hakuna suluhisho la haraka. Kibanda cha pili kwenye kichuguu au mwinuko wa karibu, au ngazi yenye hatua pana na mshikio, huwafaa baadhi. Kwa wengine hasara ya kuachwa hupunguzwa zaidi na mpangilio wa majirani kuliko na mbao.

Usafiri unaonyesha waziwazi kwamba ufikikaji ni mnyororo. Kwa miaka mingi anayetoka Ifakara kwenda Ulanga au Malinyi alivuka mto Kilombero kwa kivuko. Abiria alishuka kwenye gari, akateremka ukingo wenye tope, akapanda kivuko, kisha akapanda ukingo wa pili. Mwenye kiti mwendo alibebwa kama mzigo, na mjamzito aliyepelekwa hospitali usiku aliweza kukuta hakuna chombo. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384, lililopewa jina la Rais John Magufuli. Daraja hilo halikujengwa kwa jina la watu wenye ulemavu, lakini limewafungulia njia kuliko miradi mingi iliyobeba jina lao, maana limeondoa kikwazo kwa watu wote kwa mara moja na hakuna anayehitaji kuomba kubebwa.

Mnyororo, hata hivyo, haukamiliki kwa daraja. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, imewekwa lami, lakini basi linalopita juu yake lina ngazi za chuma zenye hatua ndefu na mlango mwembamba. Jijini Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yaliondoa ngazi hizo kwa kuinua jukwaa la kituo lilingane na sakafu ya basi. Abiria huingia kwa kutembea, au kwa kusukuma magurudumu. Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976 na ambayo kwa watu wa Mang'ula, Ifakara na Mlimba imekuwa tegemeo hasa barabara zinapoharibika kwa mvua, ina tatizo la namna hiyohiyo mahali popote ambapo jukwaa liko chini ya mlango wa behewa. Kurekebisha mabehewa na kuinua majukwaa ni kazi ya fedha nyingi. Ubao imara wa kuegesha, unaokaa stesheni au ndani ya behewa pamoja na mtumishi anayejua kuutumia, hauhitaji fedha nyingi.

Mjini Ifakara chombo cha watu ni baiskeli. Ardhi tambarare imeufanya mji huu kuwa wa baiskeli kuliko miji mingi ya Tanzania, na ardhi hiyohiyo inaifaa baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono. Mwenye chombo hicho anaweza kwenda sokoni kwa kasi ya wenzake. Kinachomkwamisha ni mita ya mwisho: mtaro wa barabarani, ambao wenye maduka wameuvusha kwa kibao kimoja au viwili. Kibao hicho humtosha anayetembea. Baiskeli ya miguu mitatu inahitaji upana wa karibu mita moja, nao mkokoteni, guta na kitanda cha mgonjwa huhitaji upana huohuo. Halmashauri inayojenga mitaro ingeweza kuweka vifuniko vya zege vya upana huo mbele ya kila duka kwa bei ya jumla. Mwenye duka akiachiwa peke yake ataweka kibao.

Maji ya kunywa yanatoa mfano mzuri wa teknolojia inayofaa kwa bahati njema ya muundo wake. Maji ya ardhini yako karibu sehemu nyingi za bonde, na shirika la MSABI, yaani Maji Safi kwa Afya Bora Ifakara, lilisambaza pampu za kamba. Pampu hiyo ina gurudumu na mkono wa kuzungusha. Kamba yenye vizibo vidogo hupandisha maji ndani ya bomba. Pampu ya mkono ya kawaida hudai uzito wa mwili mzima kusukuma mpini chini, jambo gumu kwa mtoto, mzee au mtu aliyekaa. Ile ya kuzungusha hukubali nguvu ndogo, ikiwezekana kwa mkono mmoja, mradi kisima kisiwe kirefu na mkono wa gurudumu uwe kwenye kimo ambacho aliyekaa anaufikia. Faida yote hupotea sakafu ya kisima ikizungushiwa ukingo mrefu usio na mahali pa kupita.

Ukaribu huo wa maji una upande wake wa pili. Shimo la choo haliwezi kuchimbwa chini sana, kwa hiyo choo huinuliwa, na choo kilichoinuliwa huwa na ngazi. Tundu la kuchuchumaa juu ya ngazi ni mlango uliofungwa kwa wengi. Chumba kimoja chenye mlango unaofunguka kwa nje, upana wa kugeuza kiti mwendo, kiti cha saruji chenye tundu, mshikio wa bomba la chuma ukutani na komeo linalofungwa kwa kiganja badala ya vidole, hukidhi mahitaji ya karibu watu wote. Chumba hicho kikijengwa na kisha kufungwa kwa kufuli au kugeuzwa stoo ya majembe, fedha iliyotumika imepotea. Shuleni, msichana anayekosa choo hukosa masomo.

Malaria imelifanya bonde hili maarufu duniani, na utafiti wake una somo kwa wabunifu. Mradi wa KINET, ulioanza nusu ya pili ya miaka ya 1990 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, na tathmini yake ilionyesha kwamba uhai wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27. Chandarua ni miongoni mwa bidhaa zilizookoa watu wengi zaidi barani Afrika. Lakini hudai kazi kila usiku: kukishusha, kukichomeka chini ya godoro pande zote, kukikagua kwa macho. Mwenye vidole vilivyojikunja, asiyeona na mzee anayeamka mara nyingi kwenda haja hawapati kinga sawa na wengine kutoka kwenye bidhaa ileile. Nyavu za madirishani na kuziba mianya kati ya ukuta na paa humkinga kila aliyemo ndani bila kumdai kitendo chochote. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya viatu vya sandali na viti vilivyofungwa vipande vya gunia lililotiwa dawa ya kufukuza mbu. Mvaaji au mkaaji hafanyi zaidi ya kuvaa au kukaa. Kinga iliyomo ndani ya kitu ni ya haki kuliko kinga inayotegemea wepesi wa mikono.

Taarifa pia hujengwa. Simu ya kawaida imemwezesha kiziwi kuwasiliana kwa ujumbe mfupi bila mkalimani. Kwa asiyeona, menyu ya fedha za simu kwenye simu ndogo isiyosoma kwa sauti humlazimisha kumpa mtu mwingine simu na namba yake ya siri, na hapo usalama wa fedha zake huwa mikononi mwa yule aliye karibu. Hospitalini, namba inayoitwa kwa sauti pekee humpita kiziwi, na ile inayoandikwa ubaoni pekee humpita asiyeona. Kuita na kuandika kwa pamoja hakuhitaji mtambo.

Utekelezaji wa haya yote unategemea zaidi mahali uamuzi unapofanyika. Shule na zahanati nyingi za miaka ya karibuni, yakiwemo madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19, zimejengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambao huiweka kazi mikononi mwa fundi wa mtaani na kamati ya ujenzi ya kijiji. Utaratibu huu una uzuri wake, kwani wenye jengo ndio wasimamizi. Una udhaifu pia: mchoro unaotoka juu unaweza kuwa na njia mteremko, lakini saruji ikipungua mwishoni, njia mteremko ndiyo hukatwa, kwa kuwa hujengwa baada ya kila kitu na inaonekana kama pambo. Ikipangwa kwenye msingi, pamoja na kifusi chake, haiwezi kukatwa.

Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Vyombo hivyo viwili vipo tayari. Kikundi cha mafundi wenye ulemavu kinaweza kukopa na kuunda mishikio, viti vya choo na baiskeli za miguu mitatu, na halmashauri ikawa mteja wao wa kwanza. Mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu aketi kwenye kamati ya ujenzi tangu siku ya kupima kiwanja, awe na futi yake mkononi, na jengo lisipokelewe kabla yeye mwenyewe hajaingia mpaka chooni na kutoka bila kusaidiwa. Halmashauri ya Mji wa Ifakara na jirani zake za Mlimba, Ulanga na Malinyi zinaweza kuliamua hilo katika kikao kimoja cha madiwani, na zifanye hivyo kabla ya msingi unaofuata kuchimbwa.